Kopo la Babu: Sarafu za Kale na Thamani Yake

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za historia. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya bweni letu la kwanza na mechi za mpira, lakini jambo lililotokea nyumbani kwetu limenifanya nibadili nia. Naona lina mafundisho kwa wengi, maana katika mkoa wetu wa Mara ni nyumba chache zisizo na kopo, kibuyu au kitambaa kilichofungwa fundo, chenye sarafu za wazee ndani yake.

Binamu yangu anayeishi Bunda ndiye mtunza kopo la marehemu babu yetu. Alinipigia simu usiku akasema, "Kaka, njoo upesi. Mambo ya kopo yamekuwa makubwa." Nilipofika kesho yake nikamkuta mgeni ambaye simtaji jina. Alikuwa na lenzi ya kukuzia na maneno mengi. Alisema kwamba katika kopo mna dhahabu ya Mjerumani, na kwamba wapo wanunuzi wa ng'ambo walio tayari kulipa mamilioni. Ila kwanza familia itoe shilingi 600,000 za dawa ya kupimia. Tena akasema kwamba sarafu hizo ni watoto tu, mama yao amezikwa pamoja na babu, na kwa hiyo kaburi lifukuliwe. Binamu alikuwa amekwisha kutafuta mnunuzi wa mtamba wake, na vijana wawili wa ukoo walikuwa wamekwisha kuazima sururu.

Nikaomba siku tatu. Nikakaa na kopo mezani, nikafanya kazi ambayo mwalimu wetu wa historia alitufundisha: kukiuliza kitu chenyewe kabla ya kumwuliza mtu.

Yaliyokuwamo

Jumla zilikuwa sarafu 41. Rupia za Kijerumani 2; hela 6 zenye tundu; moja kubwa ya rangi ya njano; shilingi za Afrika Mashariki 12; thumuni, yaani senti 50, zilikuwa 5; senti za tundu 13; peni moja ya Uingereza; na shilingi moja ya Tanzania. Kwa mpangilio huo, ukizitandika mezani, unaona maisha ya watu watatu wa nyumba moja: babu, baba mkubwa na bibi.

Kabla ya sarafu kuzoeleka kwetu, watu walibadilishana mbuzi, nafaka, samaki wakavu na majembe ya chuma. Sarafu haikuingia kwa kupendwa. Iliingia na kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kadiri utawala wao ulivyoenea mtu alilazimika kutafuta kazi au kuuza mazao apate rupia ya kumpa akida.

Rupia ile ilikuwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai. Uzito wake ni gramu 11.66, sawasawa na rupia ya Kihindi, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani na wa ziwani walikwisha kuizoea ya Kihindi na Mjerumani hakutaka kushindana na mazoea. Mwanzoni rupia iligawanywa kwa pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 Serikali ya Kijerumani iliigawa kwa heller 100. Kutokana na neno hilo la Kijerumani tumepata "hela", kama vile "pesa" ilivyotoka Bara Hindi. Mjerumani aliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini hakuna siku inayopita Musoma mjini bila mtu kulitamka jina la sarafu yake.

Bibi alitueleza kwamba babu alipata rupia tatu kwa kubeba mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Akaziweka akiba ya kodi. Vita vilipokwisha akaja bwana mwingine na fedha nyingine, na alipozipeleka dukani zikakataliwa. Hakuzitupa. Alisema ni mshahara wake, na mshahara hautupwi hata ukikufia mkononi.

Dhahabu isiyokuwa dhahabu

Sasa nije kwenye ile ya njano, ambayo mgeni aliiita dhahabu. Vita vilipozuia meli za Ujerumani kufika, koloni liliishiwa fedha. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Nitataja za aina mbili. Ya kwanza ni ya rupia 15, ya dhahabu kweli, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitengenezwa 16,198 tu, na ni kweli kwamba hutafutwa sana na wakusanyaji wa dunia nzima. Ya pili ni ya heller 20, ya shaba nyekundu au ya shaba ya njano, yenye taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Hizi zilitengenezwa nyingi mno, kwani ndizo zilizohitajika sokoni.

Yetu haina tembo. Ina taji na T. Ni shaba ya njano. Kwa mtoto wa darasa la tano anayejua kusoma, jambo hilo halihitaji dawa ya shilingi 600,000. Linahitaji mwanga wa dirishani. Hata hivyo naipenda sarafu ile, maana ilifuliwa katika ardhi yetu, nayo inaonyesha jinsi dola kubwa ilivyobanwa mpaka ikageuza karakana ya reli kuwa nyumba ya sarafu.

Fedha ya Mwingereza

Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwezi Desemba mwaka 1919, makao yake London. Mwaka 1920 walileta florini mahali pa rupia, lakini haikudumu. Muda mfupi baadaye ikaja shilingi, mbili kwa florini moja, 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia mwaka 1936. Ndiyo maana katika makopo ya Mara, ambako meli za ziwani zilipita kati ya Musoma na Kisumu, hakuna sarafu ya "huku" na ya "kule". Simba yule yule aliyesimama mbele ya milima alikula sokoni Musoma na sokoni Kisumu.

Shilingi za babu ni za Buhemba. Katika miaka ya 1930 aliacha ng'ombe kwa ndugu zake akaenda kuchimba dhahabu kwenye mgodi ule, mwendo wa siku kutoka nyumbani. Alichimba dhahabu ya wengine akarudi na shilingi. Naomba vijana wazitazame shilingi hizo kwa makini, kwani zinasomeka kama kitabu.

Ya Mfalme George wa Tano ina maneno ya Kilatini REX ET IND:IMP, maana yake Mfalme na Kaisari wa India. Hata za mwanawe, George wa Sita, mpaka mwaka 1946, zina maneno hayo. Lakini zile za mwaka 1948 na kuendelea zinasema REX tu. Kwa nini? Kwa sababu India ilijitawala mwaka 1947, na Kaisari hakuwa tena na India ya kujivunia. Na chuma chenyewe kilibadilika. Shilingi za mwaka 1921 mpaka 1946 zina robo ya madini ya fedha. Za mwaka 1948 mpaka 1952 hazina hata chembe, ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Uingereza ilitoka vitani na madeni, likiwamo la madini ya fedha iliyoazima Marekani, na kuanzia mwaka 1947 ikayaondoa hata katika sarafu zake za nyumbani. Hivyo mchimbaji wa Buhemba na mchuuzi wa London walipunguziwa kimya kimya kwa mkono mmoja.

Kuna jambo jingine la kukumbuka: shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha Malkia Elizabeth haikutengenezwa. Jina lake limo katika senti na thumuni tu. Ukiletewa "shilingi ya Malkia" ya nadra, mshukuru aliyeileta umwonyeshe mlango.

Ile peni ya Uingereza ni ya baba mkubwa, aliyekuwa askari wa K.A.R. na kupigana Burma mwaka 1944. Alipewa na askari Mwingereza waliyelala naye handaki moja. Ni ya mwaka 1917, na mgongoni ana mama Britannia amekaa na mkuki wa ncha tatu na ngao. Peni 12 zilifanya shilingi ya Kiingereza, na 240 zilifanya pauni, mpaka walipobadili hesabu yao tarehe 15 Februari 1971.

Kupima thamani

Mgeni alisema kwamba kitu kikiwa cha zamani ni cha bei. Hili ndilo kosa la kwanza. Peni za mwaka 1917 zilitengenezwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo hata leo si haba. Peni za mwaka 1933 hazifiki kumi, na hizo ndizo hugombewa. Umri hautoshi; idadi ndiyo husema.

Mfano mzuri zaidi umo kati ya zile senti 13 zenye tundu. Moja, ya senti 10, imeandikwa EDWARDVS VIII na mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari mpaka Desemba mwaka huo, kisha akajiuzulu. Nyumbani kwake Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni. Lakini senti za tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na kichwa cha mfalme, bali jina, taji na pembe za ndovu, kwa hiyo zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na kusambazwa. Basi bibi mmoja wa Kizanaki aliweza kununua chumvi kwa sarafu ambayo Mwingereza mwenyewe hakupata kuishika dukani kwake. Ni habari tamu, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, na bei yake ni ndogo. Habari tamu na bei kubwa ni mambo mawili.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba madini yaliyomo ni utajiri. Tupige hesabu kama tulivyofundishwa. Shilingi moja ya kabla ya mwaka 1948 ina uzito wa gramu 7.78, robo yake ni gramu 1.94 za fedha. Katika kopo mna shilingi 9 za namna hiyo, jumla gramu 17 na nusu. Rupia moja ni gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1,000 ni fedha, yaani gramu 10.69 hivi. Rupia moja ya mzigo wa babu ina fedha nyingi kuliko shilingi tano za Buhemba! Lakini ukijumlisha shilingi na rupia zote mbili, hupati gramu 40. Hazinunui ng'ombe hata mmoja, sembuse mahari.

Kwa ufupi, mwenye sarafu ajiulize maswali matano. Ni ya chuma gani, na uzito wake unalingana na ulioandikwa vitabuni? Mizani ya sonara yatosha. Ni ya mwaka gani, na ina herufi gani ndogo? H ni ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Zilitengenezwa ngapi? Iko katika hali gani, nywele za mfalme na manyoya ya simba bado yanaonekana au yamelika? Na la tano, ambalo wengi hulisahau: imetoka wapi, kwa nani?

Juu ya swali hilo la tano nawapeni kisa cha kweli. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Akazitia ndani ya kopo. Mwaka 1979 akazipeleka zikachunguzwe, na tano kati yake zikaonekana kuwa za masultani wa Kilwa yetu! Wataalamu wangali wanajadili zilifikaje huko. Lakini mjadala huo unawezekana kwa sababu moja: askari yule alikuwa ametia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Bila alama ile zingekuwa vipande vya shaba tu.

Ungamo langu

Jambo la hali ya sarafu nalijua kwa aibu. Mwaka 1972, nikiwa kidato cha pili, nilichukua rupia moja kati ya tatu za babu, naye alikwisha kufariki. Nilimuuzia fundi wa pete mjini kwa shilingi 10. Akaiyeyusha mbele yangu. Nilikula mikate na kunywa soda na rafiki zangu wawili, ambao wakisoma haya watajijua.

Likizo iliyofuata nikachukua ya pili, si kwa kuuza, bali nimwonyeshe mwalimu wa historia. Ili ipendeze niliisugua kwa mchanga na limau mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Mwalimu aliigeuza mara mbili, akasema, "Umemnyoa Kaisari." Kweli, uso ulikuwa umefutika. Weusi unaoonekana juu ya sarafu ya fedha si uchafu. Ni ngozi yake ya uzee. Ukiisugua umeichuna, na mkusanyaji ataikataa. Futa vumbi kwa kitambaa laini, basi, uihifadhi penye ukavu.

Nilipoirudisha, bibi alizihesabu kama alivyokuwa akifanya kila mwaka. Akasema, "Zilikuwa tatu." Hakuongeza neno, wala hakuuliza tena mpaka alipofariki. Hakuna mkusanyaji wa London anayeweza kunikadiria bei ya rupia ile.

Baraza la ukoo

Siku ya tatu tuliketi chini ya mwembe pale nyumbani. Nilizitandika sarafu zote 41, nikazieleza moja moja kama nilivyowaelezeni nyinyi. Mgeni alialikwa. Nikamwomba atuonyeshe tembo kwenye ile ya njano. Akasema tembo hutokea baada ya dawa. Shangazi yetu, ambaye hajapata kuingia darasani, akacheka mpaka kanga ikamwanguka, na huo ukawa mwisho wa mgeni. Aliondoka kabla ya chai.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya vijana. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wamechimba kuzunguka maboma na makaburi wakitafuta "rupia za Mjerumani". Niliwaambia kwamba kuchimba vitu vya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kufukua kaburi ni kosa la jinai. Lakini lililowaingia moyoni si sheria. Niliwauliza: "Babu aliyekataliwa rupia tatu dukani, angepata wapi sanduku la dhahabu la kuzikwa nalo?" Walikaa kimya. Mmoja akaenda kurudisha sururu. Mtamba wa binamu yungali zizini, na nimeambiwa amekwisha kuzaa.

Tuliamua kopo lisiuzwe. Mjukuu wetu aliye kidato cha tatu amepewa daftari, ameandika kila sarafu: mwaka wake, uzito wake, ilikuwa ya nani, aliipataje. Ile rupia niliyoinyoa imo pia, na jina langu kando yake. Nimekubali.

Nimalizie na sarafu mbili. Kati ya shilingi za babu imo ya mwaka 1922. Bei yake ni ndogo, kwani ziko tele. Lakini mwaka huo ndipo alipozaliwa Butiama mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, ambaye mwaka 1934 alikwenda kuanza shule Mwisenge, hapa Musoma. Mtoto huyo alizaliwa katika nchi ambayo fedha yake ilikuwa na kichwa cha mfalme wa mbali. Benki Kuu yetu ilipofunguliwa mwezi Juni mwaka 1966 na sarafu mpya zikatoka, kichwa kilichokuwamo kilikuwa chake, na mahali pa simba pakawa na mkono ulioshika mwenge. Shilingi ya aina hiyo, ya mwaka 1966, ndiyo ya mwisho katika kopo. Bibi aliiweka mwenyewe. Alisema kwamba hii haitakataliwa dukani.

Vijana mtakaozuru Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, pitieni kwanza nyumbani kwenu. Waulizeni wazee kopo liko wapi, na muandike majibu yao wangali hai. Na wenzangu wa zamani, tutakapokutana kwenye muungano wetu ujao, kila mmoja aje na sarafu moja ya nyumbani kwake na habari yake. Mimi nitakuja na ya mwaka 1922. Tafadhali msizisugue.